Fungueni bustani mwezi wa saba

Kila mwaka mwezi wa kumi na moja unapokaribia, mialiko inaanza. Koperative hii inafungua bustani yake ya mfano, ile inaalika shefu wa mtaa na watu wa shirika, nyingine imechora kibao kipya chenye alama za wafadhili. Tunafika. Mvua imenyesha jana yake, shu zimefunga vizuri, karoti ni nene, lengalenga imefika magotini. Tunapigwa picha, tunakunywa fanta, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Na mimi nauliza, ndugu wanachama: siku hiyo tunajifunza nini? Mwezi wa kumi na moja hata mbegu uliyoangusha njiani inaota.

Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi wengine hata katika ofisi zetu wenyewe. Bustani ya mfano ifunguliwe kiangazi, mwezi wa saba ao wa nane, tena saa sita za mchana, jua likiwa utosini. Kama bustani iko na kitu cha kufundisha, kitaonekana saa hiyo. Kama haina, heri tujue mapema kabla hatujaipigia makofi.

Nasema hivyo juu ya bustani moja niliyotembelea hapa Goma kiangazi kilichopita. Iko upande wa uwanja wa ndege, juu ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyoshuka kutoka Nyiragongo, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Mama mmoja na wenzake watano wanailima. Haina mlango. Iko na ukuta wa mawe unaofika magotini tu, na kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi jirani yeyote anaingia, anauliza, anaondoka na mche mmoja ao miwili. Hakuna kibao. Wageni wa ofisi ni haba, na kwa kiangazi hawaonekani kabisa. Mama mwenyewe aliniambia bila kunyanyua kichwa:

"Bageni banakuyaka wakati ya mvula. Kwa jua hakuna mutu anakuya. Weye agronome, umepotea njia?"

Nilimjibu kwamba sikupotea. Nilikuja kwa sababu ya jua lenyewe.

Wanachama wa Rutshuru, Masisi na Lubero wataniambia: wewe unazungumza joto gani? Goma iko kwenye mita 1.500 hivi juu ya bahari, na mtu wa Kindu ao Kalemie akifika kwetu usiku anatafuta koti. Ni kweli. Hewa yetu si ya moto. Shida ni jiwe. Lava ni nyeusi, inakunywa jua toka asubuhi, na ifikapo saa sita unalisikia joto lake kupitia kambambili. Mche wa tomati uliopandwa karibu na jiwe tupu unapigwa na jua kwa juu na jiwe kwa chini. Tena tuko kwenye ikweta karibu, jua halina huruma, na kuanzia mwezi wa sita mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa mvua inakuwa haba sana. Nyinyi wa udongo mwekundu na mweusi wa milimani muko na akiba ya maji chini ya miguu. Sisi tuko na matundu. Mji huu uko pembeni ya ziwa kubwa lakini hauna mto hata mmoja unaopita ndani yake, kwa sababu mvua ikinyesha inapotelea katika mawe saa hiyo hiyo.

Njo maana nilitaka kuona mama huyu anafanya namna gani.

Kitu cha kwanza nilichoona kilinishangaza, kwa sababu kinapingana na vitabu vyetu. Matuta yake hayakupandishwa. Yamezama. Kila tuta ni kama beseni refu, mita moja kwa mita sita, limeshuka chini ya njia kwa kadiri ya shubiri moja. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Banatuambiaka tupandishe tuta. Tulipandisha mwaka ya kwanza. Mayi inapita chini, inaenda kwa ziwa, njo tena tunaenda kuichota kule kwa ziwa. Tukaona hapana."

Hapo nilicheka, lakini ndani nilifikiri sana. Ushauri wa kupandisha tuta tunautoa sisi wenyewe, kila semina, toka Beni mpaka Sake. Ulitoka wapi? Sehemu kubwa ya mafundisho ya mboga za mijini katika nchi yetu yamekuja kutoka mahali pengine. Mradi mkubwa wa FAO wa bustani za mijini, ulioanza 2000 kwa msaada wa Ubelgiji, ulifanya kazi Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Likasi na Mbanza-Ngungu. Goma haikuwa ndani. Kule Kinshasa wanalima mabondeni, penye maji mengi. Ukipandisha tuta pale unaokoa mizizi isioze. Ni akili nzuri kwa bonde. Ukiileta juu ya lava, mwezi wa saba, unakausha mboga mara mbili. Na hata kwenu milimani, tuta lililopandishwa ni la mvua. Likiachwa vile vile kiangazi, linakauka pande tatu kwa pamoja.

Mama na wenzake walivunja lava kwa nyundo na mtarimbo mpaka wakapata shimo. Chini waliweka changarawe ndogo ya lava ili kuziba matundu makubwa, juu yake sashe kuukuu na magunia yaliyochoka, kisha vipande vya mgomba vilivyopasuliwa. Mgomba unashika maji kama sponji na unaoza polepole. Baadaye udongo. Udongo wenyewe ulinunuliwa, mwingine ulibebwa kwa magunia kidogo kidogo kwenye chukudu, na waliuchanganya na mboji ya takataka za soko la Virunga: maganda ya ndizi, majani ya shu, maharagi yaliyooza. Miaka mitano wameongeza. Leo ukichomeka mkono unazama mpaka kifundo. Juu ya jiwe lililokuwa moto mtupu!

Sasa tufanye hesabu, maana bustani ya kiangazi ni hesabu ya maji kabla ya kuwa kitu kingine. Mboga za majani zilizokomaa, siku ya jua kali, zinataka lita 4 mpaka 5 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita sita za mraba litataka lita 24 mpaka 30, yaani zaidi ya bidoni moja ya lita 20. Bustani hii iko na matuta manane. Kwa hesabu ya kitabu ni bidoni 10 mpaka 12 kila siku. Kila bidoni ni kilo 20 juu ya mgongo ya mama ao ya mtoto. Wao wanatumia 7. Nilihesabu mwenyewe, ziko zimepangwa kwenye ukuta. Tofauti inatoka kwa lile shimo, na kwa blanketi la maganda ya maharagi na majani ya ndizi lililofunika udongo wote. Niliinua blanketi saa sita na nusu, udongo chini yake ulikuwa baridi. Pembeni, mahali kuku walipochakura, ulikuwa vumbi.

Bidoni tatu mpaka tano zilizookolewa kila siku ni 90 mpaka 150 kwa mwezi. Kila koperative izidishe kwa bei ya bidoni ya mtaa wake, kiangazi bei ile haikai palepale, halafu itazame kama mboga zinalipa maji yake ao hazilipi. Nimeona bustani za mfano ambazo ukifanya hesabu hii, ingekuwa nafuu kununua lengalenga sokoni na kulala. Hakuna anayesema, kwa sababu maji yanabebwa na wamama na mgongo wa mama hauandikwi kwenye ripoti. Shirika moja, jina nalihifadhi, liligawa miche ya tomati mwezi wa sita kwa vikundi visivyo na tangi wala njia ya maji. Mwezi wa nane vibao vilibaki vimesimama, tomati hapana. Kwenye karatasi, miche yote ilikuwa "imegawiwa".

Saa sita za mchana inafundisha kitu kingine tena. Majani yanalala. Mgeni asiyejua anaona majani ya maboga yameanguka kama masikio ya mbuzi, anapiga kelele kwamba bustani inakufa, analeta maji. Mama alinizuia mimi kabla sijasema neno, akaniambia nichomeke kidole. Nikachomeka mpaka kiungo cha pili: unyevu upo. Maboga yanalala saa sita hata udongo ukiwa na maji, yanajilinda, saa kumi na moja yanaamka. Lakini kwenye tuta la mwisho, karibu na ukuta, shu pia zilikuwa zimelala, na kidole kilitoka kikavu. Lile ndilo tuta la kunywesha jioni. Ukimwagilia kwa macho unapoteza bidoni. Ukimwagilia kwa kidole unajua. Somo hili haliwezi kutolewa mwezi wa kumi na moja, kwa sababu mwezi wa kumi na moja hakuna jani linalolala.

Nilikuta pia kitu kinachowasumbua wengi upande wa Nyiragongo, Rusayo na hata mbali zaidi moshi unapoelekea. Majani ya maharagi yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawia pembeni, kama yameunguzwa na pasi. Jirani mmoja alikuwa ameshauriwa anunue dawa ya ukungu. Nikamwomba asinunue kwanza, tuzunguke pamoja. Tukaangalia maharagi, tukaangalia lengalenga, tukaangalia marakuja juu ya fito: madoa yale yale, yametokea siku moja, upande mmoja, ule unaoelekea mlima. Ugonjwa hautembei hivyo. Ugonjwa unaanza na mche mmoja wa aina moja, unaambukiza jirani yake, unachukua siku. Kitu kinachopiga mimea ya aina zote kwa usiku mmoja, mara nyingi ni pumzi ya volkano, moshi wake ao manyunyu yaliyopita ndani ya moshi ule. Dawa ya ukungu haitasaidia hata tone. Suuza majani kwa maji safi asubuhi, toa yaliyoungua, na mboga yoyote ioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Pesa za dawa zinunue maganda ya maharagi.

Juu ya maji ya ziwa niseme mambo mawili kwa haraka. Goma tunachota ziwani, wengi hawana njia nyingine. La kwanza ni kipindupindu, ambacho kwetu hakiondoki kabisa: maji ya ziwa yamwagwe chini ya shina, yasipite juu ya majani, na mboga inayoliwa mbichi isinyweshwe maji ya ziwa siku za mwisho kabla ya kuvuna. La pili wengi hawalijui. Maji ya Ziwa Kivu yameelekea upande wa magadi, kipimo chake cha pH kinakaribia 9, na yako na chumvi za madini kuliko maji ya mvua. Ukiyatumia kiangazi chote utaona utando mweupe juu ya udongo, na majani machanga yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Watu wakiona hivyo wanaongeza majivu ya makala, wakidhani ni mbolea. Kwa bustani ya maji ya ziwa, majivu ni kuongeza magadi juu ya magadi. Acheni. Ongezeni mboji, na mvua za kwanza za mwezi wa tisa ziachwe zioshe tuta mpaka chini kabla ya kupanda kitu chenye thamani.

Na kwa wale wa Mugunga, Lac Vert na kando ya ziwa upande wa magharibi: tuta la shubiri moja halina hatari, lakini bustani isiwekwe ndani ya shimo kubwa ao bondeni penye mazuku. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mahali pa chini, hasa alfajiri wakati hakuna upepo, na haina rangi. Kama asubuhi munakuta panya ao ndege wamekufa mahali hapo, musilime hapo na musipeleke watoto kuchota maji hapo. Nyinyi wenyeji munajua kuliko mimi. Nawaandikia wageni waliokuja kwa ajili ya vita na wanaopewa vipande vya ardhi ambavyo wenyeji waliviacha.

Sasa narudi kwa kufungua bustani. Najua pingamizi. Wa kwanza atasema: kiangazi bustani yetu inatia aibu, matuta mawili ni makavu, wafadhili wataona nini? Wataona ukweli. Mimi nimekaa upande wa ofisi miaka kadhaa sasa, na nawaambia kwamba mfadhili aliyeona matuta mawili makavu na bidoni saba kwenye ukuta ataelewa kwa nini munaomba tangi. Aliyeona shu za mwezi wa kumi na moja ataandika kwamba kikundi kimefaulu na kinaweza kuendelea bila msaada. Nimesoma ripoti za namna hiyo. Wa pili atasema: mwezi wa saba wanachama wako na kazi nyingine, wanabeba makala, wanafanya biashara ya mpakani. Sawa, hapo nakubali kidogo. Lakini mwezi wa saba ndio wakati wa kutayarisha vitalu na mboji ya msimu wa mwezi wa tisa. Mtu akiona tuta lililozama mwezi wa saba, bado yuko na wiki sita za kuchimba lake. Akiliona mwezi wa kumi na moja, atangoje mwaka mzima, na atasahau.

Ninachoomba si siku kubwa. Musikodi hema. Musinunue fanta. Chagueni siku moja, saa sita mpaka saa nane za mchana, muite koperative mbili za jirani na watu wa mtaa, na muweke vitu vitatu mbele yao: bidoni zote za siku hiyo, zimejipanga zihesabike, daftari la maji na mavuno, hata kama limeandikwa na mtoto wa darasa la sita, na tuta baya kuliko yote, pamoja na mtu anayelijua ili aeleze kwa nini limeshindwa. Anayebeba maji ndiye azungumze kwanza. Mwenyekiti anaweza kungoja. Katika bustani ile ya Goma, kijana wa kike wa miaka kumi na tano ndiye aliyenieleza ni saa ngapi foleni ya maji inakuwa fupi, na kwa sababu ya maneno yake kikundi kimehamisha kumwagilia kutoka asubuhi kwenda jioni. Katika daftari la koperative jina lake halimo. Yeye si mwanachama.

Watu wa vijijini, musifikiri haya ni ya mji tu. Mwanzoni mwa 2024 vita vilipokata barabara ya Sake, maharagi na mboga za Masisi zilipungua sokoni Goma na bei ikapanda siku hiyo hiyo. Wamama wenye matuta manane juu ya mawe walikula, na waliuzia jirani. Na upande wenu, Masisi, mboga zilioza kwa kukosa njia. Mwenye kujua kulima kidogo, karibu na nyumba, kwa maji machache, hakosi chakula njia ikifungwa upande wowote. Elimu hiyo iko Goma, na haikuandikwa na sisi ma-agronome. Leteni watu wenu waione kiangazi, ao muwaalike hao wamama waje kwenu.

Lakini kuna jambo moja katika bustani ile ambalo kidole hakiwezi kulipima, na ndilo lililonifanya niandike.

Parseli si yao. Ni ya mtu ambaye baada ya 2002 alibaki na kiwanja cha lava tupu, hakuwa na uwezo wa kujenga, akawaambia kwa mdomo: limeni, hapo hakuna kitu. Na kweli hapakuwa na kitu. Leo pako na udongo unaozamisha mkono, pako na sombe pembeni, marakuja, ukuta. Mwezi wa sita alikuja na metre, akapima, akaondoka. Mama hakulia mbele yangu wala hakulaumu. Alinionyesha tu magunia arobaini aliyoyafua na kuyakausha juu ya ukuta.

"Mawe ni yake. Udongo ni yangu. Nitaubeba."

Sheria yetu ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Hayo yako kwenye vitabu. Mtaani, mwenye karatasi ndiye mwenye mahali, na mama aliyeleta udongo kwa chukudu miaka mitano hana karatasi hata ya gunia moja. Kwa wengi wenu kule milimani ni vile vile: unakodi shamba lililochoka, unaweka mboji, unapanda miti ya kuzuia mmomonyoko, mwaka wa tatu shamba limepona na mwenyewe analitaka. Ndiyo sababu wakodi wengi hawaweki mboji. Sisi tunawaita wavivu katika semina. Si uvivu, ni hesabu.

Kuna watakaosema kufungua bustani kwa watu ndiko kulimwamsha mwenye parseli. Mzee mmoja wa kikundi kingine aliniambia waziwazi: "Mukiita bageni, munamuita na mwenyewe." Sikubali yote, lakini siwezi kusema hana haki. Bustani iliyofichwa inadumu kidogo zaidi. Ila siku mwenyewe anapoigundua, hakuna shahidi. Hii ya Goma ilikuwa na mashahidi. Majirani waliokuwa wakiingia kila siku ya posho waliona mawe yakivunjwa, waliona udongo ukifika, wengine walisaidia kusukuma chukudu. Shefu wa mtaa mwenyewe aliwahi kuchukua miche ya seleri pale. Kwa hiyo kikundi kilipokwenda kwa mwenye parseli, hakikwenda peke yake.

Napendekeza, kabla ya kuchimba tuta la kwanza kwenye ardhi ya mwingine, koperative iandike karatasi moja. Isiwe ndefu. Iseme: muda gani, kwa misimu si kwa miezi, kwa sababu mboga hazijui mwisho wa mwezi, taarifa itolewe msimu mmoja kabla ya kutoka, udongo, mboji, magunia na fito ni vya kikundi na kikitoka kinaweza kuvibeba, na mwenyewe anapata nini, hata kama ni beseni la mboga kila wiki, ili asijione mjinga. Pande zote mbili zitie kidole, na shefu wa mtaa pamoja na majirani wawili. Ofisi yetu inaweza kutoa mfano wa karatasi hiyo kwa Kiswahili. Nimeomba, na nitaomba tena. Na pale ambapo hakuna anayekubali kuandika, limeni kwa magunia toka mwanzo, yale yenye nguzo ya changarawe katikati ya kupitishia maji, kama yalivyoenea Kibera, Nairobi, baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, na baadaye kambini hapa kwetu. Gunia linakunywa maji zaidi ya tuta lililozama na linachoka baada ya misimu michache, silipendi sana, lakini linabebeka.

Mwenye parseli amekubali, mbele ya shefu na majirani wawili, wabaki mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Ni msimu mmoja wa mvua. Lengalenga inavunwa kuanzia wiki ya tatu ao ya nne, kwa hiyo watapanda mara tatu, labda nne. Shu zitafika kama miche inaingia ardhini wiki ya kwanza ya mvua, na kitalu chake tayari kiko chini ya kivuli cha marakuja. Sombe waliyoipanda pembeni wataiacha. Matuta mawili ya karibu na ukuta wameshaanza kuyatoa, wanajaza magunia jioni kukiwa na ubaridi, na wanatafuta mahali pengine pa mawe.